Uzi Ukikatika Katikati ya Wimbo

Kabla sijanunua gitaa langu la kwanza la umeme, mzee aliyenifundisha kupiga aliniuliza swali moja tu: "Uzi ukikatika katikati ya wimbo, utafanyaje?" Nikamwambia nitaweka mwingine. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya mwanangu, nenda kanunue."

Mzee huyu alikuwa kijana enzi ambazo Tanga ilisikika kwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilidhani ananipima kama najua kufunga uzi. Ilinichukua miaka mitatu kuelewa kwamba alikuwa akiniuliza ni gitaa la namna gani ninalokwenda kununua.

Nilipanda basi hadi Dar na kuingia Kariakoo nikiwa na akiba ya miaka miwili, fedha za kupiga kwenye harusi na za kufundisha watoto kinanda kanisani. Dukani kulikuwa na magitaa mawili niliyoweza kuyamudu. La kwanza lilikuwa la rangi ya mbao, briji yake, kile chuma kinachozishika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, imefungwa kwa skrubu juu ya ubao, haina kinachocheza. La pili lilikuwa jeusi, linang'aa, lina mkono wa chuma unaochomoza kwenye briji, na kule juu ya shingo lina vibanio vitatu vya chuma vinavyozikamata nyuzi zote sita. Muuzaji aliukandamiza ule mkono, sauti ikazama hadi nyuzi zikalegea kabisa, akauachia, sauti ikarudi palepale. Nililipia lile jeusi bila hata kuliomba lile jingine nilishike.

Niseme kwanza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi, kwa sababu shida zangu zote zilitokana na kutoujua.

Gitaa la umeme lenye nyuzi za kawaida, zile ambazo wa kwanza una unene wa inchi 0.010 na wa sita 0.046, hubeba mvuto wa zaidi ya kilo 45 likiwa limetyuniwa, yaani nyuzi zimekazwa hadi kwenye noti zake. Kwenye briji iliyosimama, mvuto wote huo unabebwa na ubao. Kwenye tremolo inayoelea, yaani mtambo wenye ule mkono kama wa gitaa langu, briji ni sahani ya chuma yenye makali mawili kama ya kisu, na makali hayo yameegemea nguzo mbili ndogo. Nyuzi zinaivuta sahani kwa mbele, na springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa zinaivuta kwa nyuma. Sahani inabaki sawa kwa sababu pande mbili zinavutana kwa nguvu ileile. Ni mizani. Ukigusa upande mmoja, wa pili unaitikia.

Jina lenyewe, tremolo, lina kosa ndani yake. Tremolo kwa haki ni sauti kupanda na kushuka kwa ukubwa. Huu mkono unabadilisha kimo cha noti, na hiyo huitwa vibrato. Lakini Leo Fender aliuita tremolo alipotoa Stratocaster mwaka 1954, na jina likaganda. Tatizo la mitambo ya zamani lilikuwa kwamba ukiutumia mkono kwa nguvu, nyuzi zinakwama kwenye vile vijifereji vya kizingiti cha juu ya shingo, au zinalegea kwenye vigingi vya kuzikazia, na hazirudi zilikotoka. Floyd Rose, mpiga gitaa wa Marekani aliyekuwa pia fundi wa vito, alichoshwa na jambo hilo. Akatumia vifaa vyake vya usonara kutengeneza kibanio cha kuzifunga nyuzi pale kizingitini, kisha akazifunga na upande wa briji. Uzi uliobanwa pande zote mbili hauna pa kuteleza. Hati yake ya ubunifu ilitolewa mwaka 1979, mwaka uleule tuliompoteza mpiga gitaa wetu Mbaraka Mwinshehe. Huwa nawaza vitu hivyo viwili pamoja: huku mtu anamaliza safari yake akiwa amelifanya gitaa lizungumze Kiswahili, na kule mwingine anaanza kulifunga kwa vibanio ili lipige kelele na kurudi salama.

Usiku wa kwanza nilijaribu kubadilisha nyuzi. Nilizitoa zote sita kwa pamoja, kama nilivyozoea kwenye gitaa la kawaida. Springi zikaivuta sahani ikazama ndani ya shimo lake. Nilipofunga uzi wa sita na kuutyuni, ulikaa vizuri. Nikafunga wa tano, wa sita ukashuka. Nikaupandisha wa sita, wa tano ukashuka. Kila uzi niliouongeza uliivuta sahani mbele na kulegeza wenzake. Nilizunguka hivyo mpaka muadhini akaadhini alfajiri. Baadaye nilijifunza kwamba nyuzi hubadilishwa mmojammoja ili mizani isianguke. Nilijifunza pia kwamba kile kitufe cha shaba mwishoni mwa uzi hukatwa kwa koleo kabla ya kuuingiza kwenye kibanio cha briji, na kwamba vile visikio sita vya kutyuni kwa usahihi, vilivyo nyuma ya briji, viachwe katikati ya mwendo wake kabla ya kubana kizingiti. Hili la mwisho ni dogo lakini lina uzito kwetu. Ukitoka kwenye jua la saa nane mchana ukaingia ukumbi wenye kiyoyozi, nyuzi zinabadilika. Kama visikio vimefika mwisho, huna pa kugeuza isipokuwa ufungue vibanio vya juu kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 3 na kuanza upya. Alenki hiyo nilikuja kuifunga kwa kamba kwenye mkanda wa gitaa, maana ikipotea hakuna gitaa.

Hayo yote ni usumbufu wa kuzoeleka, na nisingelilaumu gitaa kwa hayo. Kilichonipa tabu kweli ni muziki ninaoupiga.

Rizimu ya dansi na ya kwaya zetu hupigwa kiganja kikiwa kimeegemea briji, kikizizima nyuzi nusu ili zidunde bila kuvuma. Kwenye sahani inayoelea, kiganja kikilala nyuma yake kinaisukuma chini na noti zote zinapanda. Si sana, lakini mwenye sikio anasikia. Mpiga besi wetu aligeuka mara tatu wimbo mmoja kunitazama, akidhani ni yeye aliyepotea. Ilinibidi nijifunze kuunyanyua mkono kama anayepiga juu ya kitu cha moto, na ladha ya rizimu ikapotea, kwa sababu ladha ile iko kwenye uzito wa kiganja.

Kisha kuna solo. Wapiga solo wa ukanda huu, kuanzia Kongo hadi pwani, wanaishi kwenye noti mbili zinazokwenda pamoja kama watu wawili wanaoimba. Mara nyingi unaishikilia moja na kuivuta nyingine ipande ikutane nayo. Kwenye briji iliyosimama, uliyoishikilia haiendi popote. Kwenye tremolo inayoelea, ukivuta uzi wa tatu unaongeza mvuto, sahani inainama mbele, na ile noti uliyoishikilia kwenye uzi wa pili inashuka. Wimbo unapochemka na watu wamesimama, unasikia mwimbaji mmoja kati ya wale wawili anazama. Hakuna utyuni wowote wa kuliponya hilo. Unaweza kufidia kwa kuivuta kidogo na hiyo ya pili, na wapo wanaoweza. Mimi nilijaribu mwaka mzima na sikufika.

Nilijaribu pia kuligeuza liwe la mi-composé. Kwa asiyejua, huo ni ufundi wa Wakongo: unautoa uzi wa nne mnene, unaweka mwembamba mahali pake, na kuutyuni oktava moja juu, ili gitaa la kati lipate ule mlio mwembamba unaometameta kati ya rizimu na solo. Kwenye gitaa la kawaida ni kazi ya dakika tano. Kwangu, uzi mwembamba ulivuta kwa nguvu ndogo kuliko uliotoka, springi zikashinda, sahani ikazama, na nyuzi tano zilizobaki zikapanda. Nililifungua gitaa mgongoni, nikazilegeza springi kwa bisibisi, nikatyuni zote tena. Ijumaa nilipotakiwa kulirudisha kama lilivyokuwa kwa ajili ya mazoezi ya kwaya, kazi ikaanza mwanzo. Na siku mwimbaji wetu alipopata mafua na kuomba tushuke nusu toni, wenzangu walishusha kwa vigingi wakati sala ya ufunguzi ikiendelea. Mimi nilikuwa bado nafungua vibanio walipoanza wimbo.

Harusi ndiyo iliyonifanya nilikumbuke swali la mzee. Ilikuwa Tanga mjini, bibi harusi ameshashuka garini, na sisi ndio tuliokuwa tukimwingiza. Tulikuwa magitaa mawili, besi, kinanda na ngoma. Maharusi walipofika katikati ya ukumbi uzi wangu wa kwanza ukakatika. Kwenye gitaa lolote hilo ni pigo dogo. Unahamia nyuzi tano zilizobaki na hakuna anayejua. Lakini mizani ilishavunjika. Springi zikaivuta sahani nyuma, na nyuzi zote tano zikapanda kwa mkupuo, kila mmoja kwa kiasi chake. Nilikuwa nimeshika mkusanyiko wa noti zisizopatana katika wimbo wowote. Nilizima sauti ya gitaa na kusimama jukwaani nimelishika, mikono haina kazi, mpaka maharusi wakaketi. Hakuna aliyenigombeza. Mwenzangu wa gitaa la pili alibeba pande zote mbili, na tulipomaliza aliniuliza kwa upole, "Kaka, si ungeendelea na zile zilizobaki?" Nilimweleza kwamba hazikubaki.

Jumapili yake nilikwenda kwa mzee. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimwambia: "Uzi ulikatika." Akasema, "Nilijua utakuja." Hakunicheka. Aliomba nililete gitaa karibu na dirisha, akaiangalia briji kwa muda mrefu, kisha akapitisha ukucha kwenye yale makali mawili. Yalikuwa yameshaliwa. Mtambo wangu ulikuwa nakala isiyo na jina, chuma chake laini, na hewa ya chumvi ya Tanga ilikuwa imeshaanza kuweka kutu kwenye skrubu. Makali yakishaliwa, sahani hairudi mahali pamoja; kila ukigusa mkono inakaa pengine. Kwa hiyo hata ile sifa iliyonivutia dukani, ya sauti kuzama na kurudi palepale, gitaa langu halikuwa nayo tena.

Nataka kuwa mwadilifu hapa, kwa sababu ningeliacha simulizi hii hapo ningekuwa nimeudhulumu mtambo mzuri. Mwaka uliofuata nilikwenda Nairobi kumtembelea rafiki anayepiga roki. Nairobi wana bendi za roki za kweli, na wasikilizaji wanaojua wanachokisikiliza. Gitaa lake lilikuwa na Floyd Rose halisi, ya chuma kilichopigwa moto kikawa kigumu. Alichomeka tyuna, kile kifaa kinachopima noti, akaniambia nitazame. Akapiga noti, akaukandamiza mkono mpaka nyuzi zikaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, akauvuta juu mpaka zikalia, akauachia. Sindano ya tyuna ikarudi katikati. Akafanya hivyo mara kumi. Kisha akapiga wimbo wake, na nikaelewa kwamba ule mkono kwake haukuwa pambo. Nusu ya sauti yake inaishi ndani yake, kilio kinachopanda kutoka kwenye noti moja na kuzama hadi kwenye mngurumo. Huwezi kuipata sauti hiyo kwa briji iliyosimama. Nilimuuliza swali la mzee. Akanyoosha kidole nyuma ya ampu, ile spika ya gitaa. Palikuwa na gitaa la pili, la aina ileile, limeshatyuniwa.

Niliporudi nilikwenda kwa seremala wa mtaani kwetu nikamwomba anichongee vipande viwili vya mninga, vilivyokauka vizuri, kwa vipimo vya milimita. Nililifungua gitaa mgongoni, nikakibana kipande kimoja mbele ya kile chuma kinachoshuka chini ya sahani na kingine nyuma yake, mpaka briji haikuweza kwenda mbele wala nyuma. Mkono nikauchomoa. Nikakata uzi mmoja makusudi kwa koleo: nyuzi tano zikabaki zilipokuwa. Nikalaza kiganja kwenye briji na kupiga rizimu kwa saa nzima. Mwalimu wa kwaya aliuliza kama nimenunua gitaa jipya.

Lakini lilibaki gitaa lililozuiwa, na kila kubadilisha nyuzi bado kulidai alenki na koleo. Nilipopata fedha nilinunua jingine, la briji iliyosimama, la mitumba, mtu alikuwa analiuza baada ya bendi yao kuvunjika. Safari hii nililishika nusu saa. Nilitazama skrubu za vile vikalio vya nyuzi kama zinazunguka au zimekwama kwa kutu. Nilipiga kila uzi wazi, kisha kwenye kigawanyo cha 12 cha shingo, nikisikiliza kama ni noti ileile oktava juu. Nilivuta uzi wa tatu kwa nguvu huku nimeshikilia wa pili. Wa pili haukutikisika, na nadhani nilitabasamu mbele ya muuzaji. Kitu pekee kilichonisumbua ni kwamba uzi wa tatu ulikwama kwenye kizingiti na kutoa kamlio kadogo kila nilipoutyuni. Mzee alinipa dawa yake: penseli. Unausogeza uzi pembeni, unasugua ncha ya penseli ndani ya kijifereji, unaurudisha. Unga wake unalainisha, na gharama yake ni penseli ya mtoto wa shule.

Vijana wakiniuliza siku hizi wachukue lipi, huwa siwajibu kabla sijawasikia wakipiga. Anayepiga kwaya, dansi, sebene, taarabu, anayehitaji kushusha nusu toni kwa ajili ya mwimbaji, anayetegemea gitaa moja, ninamwelekeza kwenye briji iliyosimama bila kusita. Na kama gitaa alilolipenda lina tremolo ya kawaida ya aina ya Stratocaster, si lazima aliache. Akizikaza springi mpaka sahani ilale juu ya ubao, atakuwa na mkono unaoshuka tu, na uzi ukikatika waliobaki hawapandi. Anayetaka inayoelea, ninamwambia ailipie iliyo ya chuma kigumu au aache. Na awe na mahali pa kupata kipuri, kwa sababu kibanio kimoja kikipotea skrubu yake, hakuna duka la mtaani litakalokuwa nayo.

Mwaka jana alinijia binti wa miaka 19, anayepiga roki. Huku kwetu wako wachache, na alikuwa ameshachoka kuambiwa aachane nayo. Alipopiga nilisikia vidole vinavyotafuta kitu ambacho gitaa lake halina. Nilimpigia simu rafiki yangu wa Nairobi. Alikuwa na briji yake ya zamani, halisi, makali bado mazima, na nafasi ya nguzo zake ikalingana na ya lile gitaa langu jeusi. Tuliifunga pamoja mimi na yule binti. Nilivitoa vipande vya mninga, nikamwonyesha kubadilisha nyuzi mmojammoja, kusawazisha springi, kuviacha visikio katikati. Aliyashika yote kwa siku moja.

Nilipomkabidhi nilimuuliza: "Uzi ukikatika katikati ya wimbo, utafanyaje?"

Alifikiri kwa muda, tofauti na mimi. Kisha akasema, "Itabidi niwe na la pili pembeni, mwalimu. Ila sina."

Siku ya onyesho lake la kwanza, gitaa la pili lilikuwa langu, lile la mitumba, limeegemezwa nyuma ya ampu, limeshatyuniwa.